Sheria na Mibuni

Husemwa mara nyingi, msomaji mpenzi, kwamba nchi hutajirika kwa rutuba ya udongo wake, kwa wingi wa mvua yake na kwa bidii ya watu wake. Maneno hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli, na mtu aishikaye nusu hiyo kama kwamba ni kweli nzima huweza kumlaumu babu yake bure. Siku moja darasani kijana mmoja alisimama akaniuliza: kwa nini wazee wa kwetu walichelewa sana kupanda kahawa, hali ng'ambo ya mpaka wenzao walikuwa wamekwisha kuiuza kwa miaka mingi? Je, walikuwa wavivu? Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu la upesi.

Itazame milima miwili, Kilimanjaro na Kirinyaga. Yote ilizaliwa kwa moto wa volkano, na miteremko yake ina udongo mwema, ubaridi wa kiasi na mvua ya kutosha. Mbuni ukipandwa huku au kule hauwezi kujua tofauti. Lakini katika Kilimanjaro Wachagga walipanda mibuni katika mashamba yao wenyewe, na mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wakulima. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikubwa cha ushirika. Kenya nayo haikuchelewa kuipata kahawa, maana wamisionari waliipanda Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893. Ila Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuilima. Miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru waliporuhusiwa kujaribu, kwa idadi ndogo ya miche na chini ya macho ya maofisa.

Zilitolewa sababu za kuzuia. Walowezi walisema kwamba Waafrika wataeneza magonjwa ya mimea, kwamba buni zitaibwa, na kwamba sifa ya kahawa ya Kenya itashuka sokoni. Sababu iliyokuwa nzito kuliko hizo haikutajwa sana: mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Na ni nani aliyekuwa na sauti katika kutunga sheria? Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa mwaka 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944 kwa kuteuliwa. Waafrika hawakuwachagua wajumbe wao ila mwaka 1957. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya Waingereza, lakini kama amana ya Shirikisho la Mataifa, na walowezi wake hawakuwa na nguvu kama wa Kenya. Basi udongo ulikuwa mmoja, na mtawala mmoja, ila siasa zilikuwa mbili.

Ardhi yenyewe haikuwa na salama. Sheria ya mwaka 1915 ilimwezesha mlowezi kukodi shamba kwa miaka 999, muda ambao sijui ni mwanadamu gani aliyeuhitaji. Mwaka 1921 mahakama iliamua kwamba Mwafrika katika ardhi yake mwenyewe ni mpangaji tu wa Taji la Uingereza, naye aweza kuondolewa wakati wowote. Mbuni hukaa kama miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Ni nani atakayeutilia mbolea mti huo, asiyejua kama ataukuta mwakani?

Mwaka 1954 mambo yaligeuka. Serikali ilitoa mpango wa kilimo uliojulikana kwa jina la Swynnerton: Waafrika waruhusiwe kulima kahawa kwa wingi, vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, na kila mwenye shamba apewe hati. Kahawa ilienea katika mashamba madogo, na kwa fedha yake watoto wengi walisomeshwa. Ningeweza kuishia hapo na kumwambia kijana yule kwamba sheria ilifunga mlango, na sheria ikaufungua.

Lakini twapaswa kuuliza ni nani aliyekuwapo mlango ulipofunguliwa. Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka 1952 na haikuondolewa ila mwaka 1960. Mashamba ya Kiambu, Nyeri na Murang'a yalipopimwa, maelfu ya wenyeji walikuwa kizuizini, na asiyekuwapo alisemewa na jirani, au hakusemewa kabisa. Hati nazo ziliandikwa kwa kawaida kwa jina la mwanamume mmoja, ingawa aliyeshika jembe asubuhi hadi jioni alikuwa mkewe.

Kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ikasema kwamba mahakama yaweza kusahihisha daftari la ardhi palipokuwa na udanganyifu, isipokuwa katika usajili wa kwanza. Soma tena, msomaji: isipokuwa usajili wa kwanza. Waliolitetea neno hilo hawakuwa wajinga. Walisema kwamba kesi za ardhi zisipokuwa na mwisho, hakuna atakayepanda mti wala benki itakayokopesha, na nchi nzima itakaa mahakamani. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuidharau, maana ndiyo hoja ileile niliyoitumia juu ya mti wa miaka mitatu. Hata hivyo siikubali. Salama ya mmoja ilinunuliwa kwa kumnyamazisha mwingine, na aliyenyamazishwa hakuulizwa bei. Kama hasara hiyo ilikuwa ya lazima kwa manufaa ya nchi, nchi ingalimlipa fidia.

Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 haikuuweka tena ule usajili wa kwanza mahali pasipoguswa. Mtu aliyerudi kutoka kizuizini mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 40, akakuta shamba lake lina jina la mwingine, angekuwa na miaka 92.