Saa ya Kibarua ni Amana

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ilagala, hapo mto Malagarasi umwagikapo katika Ziwa Tanganyika, watu wengi hula kwa mchikichi, mti ambao Serikali iliuhimiza upya mkoani Kigoma mwaka 2018. Mmoja ana shamba, wa pili ana kinu cha kukamulia mawese, na wa tatu hana ila mikono yake. Huyo ndiye kibarua. Na jina hili asili yake ni kijikaratasi alichopewa mtu kiwe ushahidi wa kazi yake.

Malalamiko ya wenye vinu ni mamoja: kibarua akiangaliwa hufanya kazi, akiachwa hukaa. Tena wako waingiao katika sala ya adhuhuri wasitoke ila alasiri yakaribia, na kinu kimesimama, na chikichi zilizochemshwa zapoa katika pipa. Mwenye kinu aona haya kusema, kwani nani atamzuia mtu na ibada?

Hukumu ya Kishafii i wazi. Aliyeajiriwa kwa siku ameuza muda wake. Wakati wa sala ya faradhi na tahara yake umetolewa katika muda huo, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Na katika wanavyuoni wako walioziingiza na sunna za rawatibu. Ama nafila na nyiradi zaidi ya hayo, zataka idhini, kwani saa ile ina mwenyewe. Suratul-Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo, na watu hudhani ni vibaba na mizani tu. Saa nayo ni kipimo. Nabii Musa, alayhi s-salaam, alisifiwa nguvu na uaminifu kabla ya kuajiriwa, akapatana miaka 8, na kutimiza 10 ikawa hiari yake. Na Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas kwamba aliitimiza iliyo mingi. Na mchunga kondoo wa Madyan hana msimamizi malishoni.

Lakini mwenye kinu asifurahi upesi. Mara nyingine humwambia kibarua akamue, na ujira wake uwe sehemu katika mafuta yatakayotoka. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amelikataza katika Minhaj lililo mfano wake: kumwajiri msagaji kwa sehemu ya unga atakaousaga. Ujira sharti ujulikane. Chikichi mbovu hutoa mafuta machache, na hapo hasara ya shamba humwangukia asiye na shamba. Ijara hiyo ni fasidi, na kibarua astahiki ujira wa mithili, yaani walipwao wenziwe kwa kazi kama ile. Na kumcheleweshea bila ya mapatano, mpaka mawese yauzwe Kigoma, ni dhulma. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, amepokea kwa Mola wake kwamba Yeye atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyetimiziwa kazi asilipe.

Wala dhulma ya mmoja haihalalishi khiyana ya mwingine. Aliyepokea ujira wa siku nzima kwa kazi ya nusu siku, ile nusu si yake: airudishe, au aombe ahalalishiwe. Na mwenye kinu akiwa amefariki, haki hiyo ni ya warithi wake, na katika warithi mtoto mdogo hana mamlaka ya kusamehe.