Kupata na Kujua

Mtu aliyepata jawabu la fumbo huhesabiwa kuwa ana akili. Lakini je, kupata jawabu ni sawasawa na kulijua? Swali hili ni la zamani, ila kompyuta imeliongezea uzito, nawe msomaji kijana hutaweza kulikwepa.

Natutwae mfano wa karibu. Mchuuzi wa Ganda ataka kuzuru mahali 10, miongoni mwake Malindi, Gede, Watamu, Kakuyuni, Jilore, Mambrui na Marafa, kisha arudi kwake kwa mwendo mfupi kuliko yote. Fumbo hili ladhaniwa kuwa jepesi. Walakini mipango ya safari yake ni 3,628,800. Mtu akipima mpango mmoja kwa kila dakika, usiku na mchana, atamaliza baada ya miaka karibu 7. Mahali pakiwa 20, hata kompyuta ipimayo mipango milioni 1,000 kwa sekunde itahitaji zaidi ya miaka 70.

Ndipo hutumika njia iitwayo algoriti ya kijenetiki, ambayo John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975. Njia hiyo yaiga uzazi wa viumbe. Programu hubuni mipango mingi kwa bahati nasibu, huipima, huitupa mirefu na kuibakiza mifupi. Iliyobaki huzalishwa: sehemu ya mpango mmoja huunganishwa na sehemu ya mwingine, na mara chache vijiji viwili hubadilishana nafasi kwa bahati tu. Kizazi hufuata kizazi, na aghalabu mpango mwema hutokea, ingawa hapana ahadi kwamba ndio bora kuliko yote.

Mkulima wa Ganda hatastaajabu kusikia hayo. Wazee wake walichagua mahindi mema kuwa mbegu, wakayahifadhi darini juu ya moshi wa jiko, wakayapanda mvua ziliporudi. Hawakusoma habari za jeni, lakini mbegu yao ilizidi kutengenea.

Hapo mmoja wenu atasema, "Basi kujua kwa nini? Yatosha kupata." Naye anaye shahidi. Tarehe 22 Machi 2006 shirika la NASA la Marekani lilirusha angani vyombo vitatu vidogo vyenye antena iliyobuniwa kwa njia hii. Umbo lake lilifanana na waya uliopindwapindwa na mtoto mchezoni, wala si rahisi kudhani kwamba mhandisi angalilichora kwa mkono wake. Hata hivyo ilifaa kwa kazi yake. Lakini shahidi huyu ana neno jingine. Wahandisi hawakuirusha antena ile kabla ya kuijaribu kwa vipimo vikali. Walijua hasa walilolitaka, na walijua namna ya kulipima.

Hiki ndicho kiini cha jambo. Mashine huleta kilichopimwa, hata kama sicho kilichokusudiwa. Mchuuzi akipima umbali kwa mstari ulionyooka, huenda akaletewa mpango wa kuuvuka Mto Sabaki mahali pasipo daraja. Mkulima akichagua hindi kwa ukubwa peke yake, asitazame kama maganda yamelifunika mpaka nchani, atawalimia fukusi. Lawama haiwezi kutupiwa mashine wala mbegu; ni ya aliyeweka kipimo. Na ikiwa wanaochaguliwa ni watu, kwa kazi au kwa masomo, kipimo kibaya chaweza kumtupa mwaminifu na kumbakiza mjanja, na hapana kizazi cha pili kitakachomrudishia haki yake.

Kwa hiyo, msomaji, usione haya kutumia njia ipatayo jawabu usiloweza kulieleza. Lakini ulizwapo, sema kweli kwamba umelipata, wala usijidai kwamba umelijua. Kisha lipime kwa kipimo ulichokifikiri mwenyewe, kwa maana watakaoumia kwa kipimo hicho watakuuliza wewe. Kompyuta haina la kuwajibu.