Pumzi ya Injini na Dhima ya Mwenyewe

Swali la wema na ubaya halikai misikitini, makanisani na mahakamani peke yake. Hukaa pia chini ya mwembe wa fundi, penye spana, masizi na oili, na mara nyingine fundi hukutana nalo kabla ya mwanachuoni. Katika insha hii nataka kulitazama swali moja la namna hiyo. Kazi zetu nyingi zilizo halali hutoa uchafu ambao hauwezi kuzuiwa usitoke. Je, ni haki uchafu huo umwendee nani? Mfano nitakaoutumia ni mdogo, nao ni pumzi ya injini inayopozwa kwa upepo.

Injini ya aina hii haina maji wala rejeta. Mwili wake umezungukwa na mbavu nyembamba za madini, na upepo upitao kati ya mbavu hizo ndio unaochukua joto. Ndiyo iliyokaa nyuma ya Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki katika miaka ya 1954, 1957 na 1962. Ndiyo pia ambayo Bruce Meyers wa California aliitumia mwaka 1964 katika kigari chepesi cha kukimbilia mchangani, kiitwacho bagi. Na injini ya ukoo huo, ingawa ni ya silinda moja na umbo lake ni dogo zaidi, ndiyo inayovuma leo Kiwangwa, katika Wilaya ya Bagamoyo, chini ya dereva wa bodaboda anayetoa mananasi shambani na kuyafikisha kando ya barabara ya lami iendayo Msata upande mmoja na Bagamoyo upande wa pili.

Yafaa kwanza tuijue pumzi yenyewe. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka, nayo imevikwa ringi ili moto wa petroli usipenye. Lakini ringi izibayo kabisa haijapata kutengenezwa. Katika kila mwako sehemu ndogo ya gesi hupenya ubavuni mwa pistoni na kushukia katika tumbo la injini, yaani chumba cha chini inamozunguka krenki katika oili. Gesi hiyo huchukua petroli isiyoungua, mvuke wa maji na chembe za tindikali. Ikikaa humo huiharibu oili ikawa tope. Zaidi ya hayo, katika injini ya silinda moja pistoni ikishuka hulibana tumbo, na ikipanda hulipa nafasi. Injini ya sentimita za ujazo 150 basi husukuma na kuvuta kiasi hichohicho cha hewa kila krenki ikamilishapo mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, tumbo lake hupwita mara 100 kwa sekunde. Kiumbe apwitaye hivyo sharti apumue.

Njia za kuishughulikia pumzi hii ni tatu. Ya kwanza ni kuiziba. Asiyejua huona oili ikirushwa na mpira wa kupumulia, akadhani ameona tundu linalovuja, akalitia kizibo. Kwa siku chache injini huonekana safi. Kisha msongo uliofungiwa hutafuta mahali dhaifu: sili husukumwa nje, gasketi hutoboka, oili hutapakaa juu ya mbavu, vumbi la njia ya shamba hunata juu ya oili, na injini iliyoumbwa kutegemea upepo hunyimwa upepo. Aliyeuzuia uchafu kwa nguvu ameuzidisha. Hapa hakuna mjadala mrefu, kwa maana njia hii humwadhibu mwenyewe upesi.

Njia ya pili ni kuuacha mpira uning'inie chini, mdomo wake ukiielekea barabara. Kwa miaka mingi magari ya dunia nzima yalipumua hivyo. Bomba lilishushwa chini ya gari, na upepo wa mwendo ukaivuta pumzi na kuitawanya. Njia hii ni rahisi, haina gharama, na injini hupata afya. Kasoro yake haionekani na aliyepanda, kwa kuwa huachwa nyuma yake. Humfika mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu, na mama aliyepanga mananasi yake kando ya njia akingoja mnunuzi.

Njia ya tatu ni kuirudisha pumzi ndani ya injini yenyewe. Mpira huunganishwa na chumba cha chujio la hewa, na mvuke huvutwa pamoja na hewa safi ukaungue katika silinda. Sababu ya njia hii kuenea ni hewa ya Los Angeles. Mapema katika miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit alieleza jinsi mivuke ya petroli na gesi za moto zinavyogeuzwa na jua kuwa ukungu uchomao macho. Mwaka 1961 magari mapya ya Marekani yaliyouzwa California yalianza kurudisha pumzi ya tumbo ndani ya injini, na baadaye utaratibu huo ukaenea. Pikipiki nyingi za leo huzaliwa na mpira huo kiwandani. Wenye mabagi wapendao mwendo mkali huongeza kopo la kunasia oili njiani, ili mvuke upite na matone yabaki. Lakini njia ya tatu ina malipo yake. Chujio hulowa, njia ya hewa huchafuka, kopo hujaa, na yote hayo hudai mkono wa kuyasafisha. Ndiyo maana wako wanaoung'oa mpira wa kiwandani na kuuelekeza chini.

Basi kwa nini tuseme njia ya tatu ni bora kuliko ya pili, ikiwa injini hupona kwa zote mbili? Mtu aweza kutetea ya pili kwa hoja tatu. Atasema dhara lake ni dogo. Atasema dereva hakukusudia kumdhuru mtu. Na atasema kila mmoja hupanda bodaboda leo na kutembea kesho, kwa hiyo tunasameheana. Hoja ya kwanza huhesabu tone moja na kusahau kwamba barabara hupitiwa na matone mengi. Hoja ya pili humwokoa asiyejua, lakini ajuaye kinachotoka katika mpira wake hana tena pa kujificha. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ingekuwa kweli kama faida na dhara vingegawanywa sawa. Havigawanywi hivyo. Anayepokea nauli ni mmoja, na anayepokea mvuke ni mwingine. Na aghalabu wa pili ndiye mwenye uwezo mdogo wa kulalamika.

Fikra hii si ngeni kwetu. Wanazuoni wa fikihi, ambao elimu yao ina mizizi mirefu katika pwani hii, wana kanuni kongwe inayokataza mtu kumdhuru mwenziwe. Mwanauchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, alionyesha mwaka 1920 kuwa biashara huweza kuonekana ina faida kwa sababu tu sehemu ya gharama zake hubebwa na watu wasiohusika. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeikubali kanuni kwamba achafuaye ndiye alipaye. Wote watatu wametoka mbali na kukutana mahali pamoja.

Hata hivyo hapa panazuka taabu ya kweli, wala si haki kuipita kimya. Achafuaye ni nani? Ni wepesi kumnyoshea kidole dereva, maana yeye ndiye aonekanaye. Lakini mara nyingi pikipiki si yake. Jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na siku anayoipoteza akisafisha chujio haimpunguzii hesabu hiyo. Tukimwambia alipe peke yake, tumetenda kosa lilelile tulilolikataza: tumeuchukua mzigo wa wengi na kuumwagia mnyonge mmoja. Dhima haina budi ifuate faida popote iendapo. Humfuata mwenye chombo apokeaye hesabu, kisha humfuata mlaji wa Dar es Salaam, pamoja na msomi wa chuo kikuu, ambaye hupata nanasi kwa bei nafuu kwa sababu mpira umeachwa uning'inie.

Lakini mzigo ukigawanywa kwa watu wote bila kipimo, huwa si wa mtu yeyote. Kwa hiyo ni lazima kila mmoja apewe fungu analoweza kulishika. Fundi aurudishe mpira mahali pake hata kama hakuombwa. Mwenye chombo alipe gharama na aisamehe hesabu ya siku ya matengenezo. Dereva amwage kopo na kulisafisha chujio. Mnunuzi asishangae bei ikiongezeka kidogo.

Liko jambo moja zaidi. Pumzi ya injini ni habari pia. Ringi zikilika, gesi ipenyayo huzidi, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma utauona moshi ukitoka kwa mapigo. Wako wauzaji ambao hutia mpira mpana zaidi ili msongo upungue na maradhi yasionekane hadi chombo kiuzwe. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapa kilio ni cha mnunuzi, si cha mfichaji. Hata njia ya tatu yaweza kutumiwa vibaya, kwa maana imezavyo pumzi kimya huweza kuuficha ugonjwa hata kwa mwenye chombo mwaminifu. Kurudisha uchafu ndani hakumwondolei mtu wajibu wa kuukagua.

Kwa hayo naona swali letu limepata jibu, ingawa si jepesi kulitenda. Kuvuja si dhambi, kwa kuwa ringi zote huvuja, na binadamu naye hana kazi isiyo na masalio. Hukumu huanza baada ya hapo, katika kuchagua mpira uelekee wapi. Apataye faida na aibebe pumzi ya faida yake, kwa kadiri ya fungu lake. Mpira wenyewe haufiki urefu wa dhiraa moja. Kilicho kirefu ni nia ya kuuelekeza kwetu badala ya kuuelekeza kwa apitaye njia.