Deni la Shukrani na Furaha

Masomo ya kusoma nyumbani: Luka 17:11–19, Luka 15:11–32, Warumi 16:1–23

Ndugu wapenzi katika Kristo, wa Nachingwea na wa Ruangwa,

Katika kila parokia wako watu wanaofanya kazi bila mshahara. Yuko anayefungua mlango wa kanisa na kupiga kengele kabla jua halijachomoza. Yuko mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Yuko mwalimu wa kwaya ambaye hurudi shambani amechoka, hunawa uso, kisha huenda kufundisha sauti ya tatu na ya nne mpaka giza linaingia. Yuko katekista anayepanda baiskeli kwenda mtaa wa mbali kuongoza ibada, kwa kuwa padre ni mmoja na mitaa ni mingi. Wako akina mama wa Umoja wanaokwenda kumwogesha mgonjwa na kumchotea maji, wala mgonjwa mwenyewe si ndugu yao.

Watu hawa wakikosea, sisi hatukosi maneno. Kwaya ikipoteza sauti, habari hufika sokoni kabla ya Misa kwisha. Lakini kengele ikilia kwa saa yake miaka kumi mfululizo, ni nani aliyemwendea mpigaji akamwambia neno? Kisha siku moja twaona mwenzetu haji tena. Twaulizana, "Amekasirishwa na nani?" Mara nyingi hakukasirishwa na mtu. Amechoka kufanya kazi mahali ambapo hakuna anayeonyesha kuwa ameiona.

Jambo hili si dogo. Parokia zetu hazisimami kwa fedha, maana fedha hatuna. Zinasimama kwa watu wanaojitolea. Wakiondoka hao, hakuna atakayeajiriwa mahali pao.

Mafundisho mawili kwa watu wawili

Najua wako watakaojibu kwamba Bwana wetu alitufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, tusitende mema ili tuonekane na watu. Basi ya nini kuwashukuru? Si tutawaharibia thawabu yao?

Ndugu zangu, tuangalie fundisho hilo anapewa nani. Anapewa mtendaji, ili asitafute sifa. Tusome sasa Luka 17. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Bwana aliuliza habari za wale tisa waliobaki. Hakuuliza kwa sababu alipungukiwa na sifa. Yeye ndiye aliyewakataza wengi wa aliowaponya wasimtangaze. Aliuliza kwa sababu wale tisa walikuwa na deni, wakaondoka bila kulilipa. Fundisho hili anapewa mpokeaji.

Hivyo mtendaji na asome Mathayo 6, na mpokeaji asome Luka 17. Taabu yetu ni kubadilishana vitabu. Mpokeaji humshika mwenzake kwa Mathayo 6, akasema, "Huyo anamtumikia Mungu, Mungu atamlipa," kisha huenda zake kimya. Ni kweli Mungu atamlipa. Lakini deni la Mungu ni la Mungu, na deni letu ni letu.

Wale waliofundisha kisomo

Historia ya nchi yetu inatupa mfano mzuri. Mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu wa Tanzania Bara, wapatao wawili hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali ilipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walimu wa kuwatosha watu wote hao hawakuwepo. Basi waliitwa watu wa kujitolea: vijana waliomaliza darasa la saba, watumishi, makatekista, mtu yeyote aliyejua kusoma na aliyekuwa radhi kukaa na wazee chini ya mwembe baada ya kazi za shamba. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki kama asilimia 39. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, naye alikuwa mtu wa kujitolea.

Ni kitu gani kilichowarudisha watu hao kila jioni? Mimi nilisomea ualimu na nimeufanya maisha yangu yote, nami naamini ni hiki: waliiona furaha ya mwanafunzi, na mwanafunzi hakuwaficha. Mzee aliyekuwa akimpelekea mtu mwingine barua ya mwanawe amsomee, na hivyo siri zote za nyumba yake zikajulikana, siku moja aliifungua mwenyewe akaisoma. Mama aliyekuwa akiweka dole gumba kwenye karatasi aliandika jina lake. Watu hawakukaa na furaha hiyo peke yao. Walimwendea mwalimu wao wakamwonyesha. Huo ndio uliokuwa mshahara wake, akaenda nao nyumbani, na kesho yake akarudi mwembeni.

Kila mwalimu anajua kwamba mtoto ambaye daftari lake hurudishwa likiwa na alama za makosa tu, hata pale alipopata, mwisho huacha kuandika. Parokia isiyoshukuru ni mwalimu wa namna hiyo.

Majina katika barua ya Paulo

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Barua yake kwa Warumi ni nzito kuliko zote, nasi tukifika sura ya 16 wengi wetu huifunika Biblia, tukidhani kwamba pale pamebaki salamu tu. Turudi tuisome. Paulo alikuwa bado hajafika Roma, lakini anawataja watu zaidi ya ishirini wa huko, na wengi anawataja pamoja na kazi zao. Anamtaja Fibi wa Kenkrea, aliyewasaidia watu wengi na Paulo mwenyewe. Anawataja Priska na Akila, mafundi wa mahema, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, na anasema kwamba si yeye tu anayewashukuru, bali makanisa yote ya Mataifa. Anamtaja Mariamu, na Trifaina na Trifosa, na Persisi, wanawake waliojitaabisha katika kazi ya Bwana. Anamkumbuka mama yake Rufo, ambaye alikuwa kama mama kwake pia. Hata Tertio, mwandishi aliyeishika kalamu, anapata nafasi ya kutoa salamu kwa jina lake.

Tuone namna ya shukrani za Paulo. Hasemi, "Nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu," kama tunavyosema sisi mwisho wa mkutano, watu wakiwa wamekwisha shika kofia zao. Anataja jina, na anataja kazi. Shukrani ya watu wote kwa pamoja mara nyingi haimfikii hata mmoja.

Ndugu mkubwa aliyekaa nje

Sasa tuingie katika furaha, maana shukrani na furaha ni dada wawili wa nyumba moja. Katika Luka 15 mchungaji anapompata kondoo wake, na mwanamke anapoipata shilingi yake, kila mmoja anawaita majirani waje wafurahi naye. Mwana mpotevu anaporudi, baba anafanya karamu. Lakini yuko mmoja asiyeingia, naye ni ndugu mkubwa. Tumezoea kumlaumu. Leo tumsikilize. Analalamika kwamba ametumika miaka mingi, wala hakupewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Huyu ndiye mtumishi wa kujitolea aliyechoka. Anajiona kwamba kazi yake haikuonekana, na kwa sababu hiyo hawezi kuifurahia furaha ya nduguye. Ngoma anayoisikia inamchoma.

Baba hakumwacha huko. Alitoka nje akamwendea, akamhakikishia kwamba yuko pamoja naye siku zote, na kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Ndugu mkubwa alikuwa na haki ya neno hilo, na baba alikuwa tayari kulisema. Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, tuulizane: ni nani aliyekaa nje ya nyumba yetu, naye anangojea mtu atoke amwambie neno?

Furaha inayofichwa

Hapa kwetu kuna jambo la kusema wazi. Katika msiba sisi ni watu wamoja. Mtu akifiwa, hatuulizi dini wala kabila: Mkristo na Mwislamu hukaa kwenye mkeka mmoja, maji yanachotwa, kuni zinaletwa. Katika furaha twajificha. Mtu akiuza ufuta au korosho zake vizuri katika mnada wa chama cha ushirika, hunyamaza kama aliyeiba. Mtoto wake akifaulu, akiulizwa husema, "Hivyo hivyo tu." Anaogopa wakopaji, anaogopa husuda, na wengine, ingawa wamebatizwa, wanaogopa uchawi. Hivyo matangazo ya kanisani yamekuwa ya misiba, wagonjwa na michango. Kijana akiyasikia mwaka mzima atadhani Mungu hajafanya kitu kizuri hata kimoja katika wilaya hizi mbili.

Haikuwa hivyo siku zote. Siku ya kutoka wari, jirani hujifunga kanga, hucheza, na humtunza mtoto ambaye si wake. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, hakuifuta furaha ya jando. Aliiingiza katika Kanisa, ikapata sala. Tena kwa miaka wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapa Nachingwea, na wazee wetu waliishi nao katika hatari. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya nchi nyingine, lakini furaha ilikuwa na fungu lake huku. Aliyeshiriki taabu ana haki ya kushiriki furaha. Mtume Paulo, katika Warumi 12, anatuagiza kulia na wanaolia, lakini kabla ya hilo anatuagiza kufurahi na wanaofurahi. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyo ngumu, kwa kuwa machozi ya mwenzetu hayatuonei, bali mafanikio yake hutupima mioyo.

Lakini na mwenye furaha naye awe na hekima. Penina, katika 1 Samweli 1, alikuwa na watoto, akaifanya furaha yake kuwa fimbo ya kumpigia Hana. Hayo ni majigambo. Elisabeti alipozaa katika uzee wake, majirani na jamaa walifurahi naye kwa sababu waliona rehema ya Mungu. Tofauti ni nyepesi kuijua: anayejigamba hujitaja mwenyewe, anayeshukuru humtaja Mungu, kisha huwataja waliomsaidia. Naye Mkristo ambaye furaha ya mwenzake inamuuma kwa sababu yeye bado anangoja, asione aibu. Hana alilia mbele za Bwana, wala hakukemewa na Bwana.

Tufanye nini?

Kwanza, tuseme shukrani kwa jina na kwa kazi. "Mama, vitambaa vya altare Jumapili iliyopita vilikuwa safi, nikamkumbuka Mungu." Maneno hayo hayana gharama.

Pili, tuseme mapema. Twaandika wasifu mzuri wa marehemu, tukausoma mbele ya jeneza, na mwenye sifa hasikii. Nusu ya maneno hayo ipelekwe nyumbani kwake angali hai.

Tatu, kila mtaa uchague Jumapili moja katika mwezi ambapo, baada ya matangazo ya wagonjwa na misiba, patatangazwa furaha: mtoto aliyezaliwa, ndoa iliyotimiza miaka, paa lililokamilika, mgonjwa aliyeinuka. Asiye na sadaka ya fedha alete ushuhuda wake.

Nne, tusiwasahau majirani zetu Waislamu wanaotusaidia katika kazi zetu. Yule mmoja aliyerudi kwa Bwana alikuwa Msamaria, tena Bwana mwenyewe ndiye aliyelitaja hilo.

Na mwisho, tukumbuke tunakwenda kanisani kufanya nini. Neno Ekaristi latoka katika Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Usiku ule aliosalitiwa, Bwana wetu alishika mkate, akashukuru. Mezani alikuwa na yule atakayemsaliti, na yule atakayemkana, na wengine watakaokimbia, lakini alishukuru. Sisi tuliolishwa na shukrani hiyo tutashindwaje kumwambia asante mpiga kengele?

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, twakushukuru kwa ajili ya watumishi wako wanaojitolea katika parokia na mitaa yetu, wale tunaowajua na wale ambao kazi yao imefichika. Uwape nguvu waliochoka. Uwarudishe waliokaa nje. Utufungue vinywa tulipe deni la shukrani, na utuondolee husuda, ili furaha ya mmoja iwe furaha ya wote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.