Mwalimu aliyechoka si mnafiki

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika misikiti na madrasa zetu yuko mtu ambaye hatutarajii achoke. Huyo ni ustadh. Asubuhi yuko shuleni anafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, alasiri yuko madrasa, baada ya Magharibi ana darsa msikitini, Ijumaa anapanda mimbari, na mwisho wa wiki anaitwa kwenye akdi na khitma. Ukitokea msiba usiku wa manane, simu ya kwanza hupigwa kwake. Miaka ya mwanzo huifanya kazi hii kwa furaha. Ifikapo mwaka wa tano au wa saba, watu huanza kuona mabadiliko. Anawakaripia watoto kwa makosa madogo. Darsa anaisoma kama mtu anayesoma tangazo. Simu ikilia, moyo unamwenda mbio. Ukimuuliza ana nini, anajibu, "Nimechoka tu."

Jibu letu la kawaida kwa mtu huyu ni lipi? Tunamwambia imani imeshuka. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema ameanza kuipenda dunia. Na yeye mwenyewe hulala akijiuliza kama si mnafiki: vipi anawahimiza watu waonje utamu wa Qur'an ilhali yeye hauonji tena? Wapo walioacha kufundisha kwa sababu ya swali hilo. Katika watu niliosoma nao chuo, nawajua wawili. Mmoja leo anauza vipuri vya pikipiki, na hataki hata kutajiwa madrasa. Kuuza vipuri ni riziki ya halali, hakuna ubaya. Msiba ni kwamba aliondoka akiamini kuwa moyo wake umekufa.

Ninachotaka kusema katika makala haya ni kuwa moyo ule haukufa, ulichoka. Uchovu wa aina hii una sababu zinazojulikana na una dawa. Na katika dawa zake iko moja ambayo sisi tumeidharau, nayo ni kazi ya mikono: kutengeneza kitu kizuri kwa vidole vyako mwenyewe, bila mtihani, bila malipo na bila kusubiri sifa za watu.

Uchovu huu ni nini?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure jijini New York, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa wahudumu wenzake. Jambo la kuzingatia ni kuwa hakuwa akizungumzia wavivu. Alizungumzia watu walioingia katika huduma kwa ari kubwa, wakatoa, wakatoa, mpaka wakaishiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa, likafafanua kuwa yenyewe si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Likataja alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuhisi kuwa hafanyi tena lolote la maana. Mtazame sasa yule ustadh wetu. Alama zote tatu anazo.

Wataalamu wa ubongo nao wana maelezo yao. Mwanadamu akikabiliwa na hatari, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, mojawapo ikiwa ni kotisoli, na mwili mzima hujiandaa kupambana au kukimbia. Hii ni neema, maana bila hiyo tungegongwa na magari. Tatizo linakuja pale king'ora kinapolia miezi na miaka. Hapo sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayopanga, kuchagua na kuzuia hasira, huzidiwa. Ndiyo maana mtu mpole anakuwa mkali, na hafidhi anasahau aya aliyoihifadhi utotoni.

Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwapiga picha za ubongo watu waliochoshwa na kazi kupita kiasi na kuwalinganisha na watu wazima wa afya. Walikuta sehemu ile ya mbele imekuwa nyembamba zaidi kwa wale waliochoka. Lakini walipowapima tena baada ya matibabu na muda kupita, baadhi ya mabadiliko yale yalikuwa yamerejea. Kamba hukatikia pembamba, lakini kamba hii Mola wetu ameijaalia uwezo wa kujisuka upya.

Sileti maneno haya ili sayansi iithibitishe Sunna. Sunna haingoji maabara. Nayaleta ili tuache kumhukumu Muislamu kwa unafiki kwa jambo ambalo hata mwili wake unalishuhudia.

Hofu ya Hanzala (r.a.)

Imam Muslim amepokea kisa cha Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa wahyi. Sahaba huyu alitoka akiwa na hofu, akamwambia Abubakar (r.a.) kuwa yeye amekuwa mnafiki. Kwa nini? Kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) alikuwa kama anayeiona Pepo na Moto kwa macho yake, lakini akirudi kwa mkewe, watoto na shughuli zake, mengi katika hayo humtoka. Abubakar akamwambia kuwa hata yeye hali hiyo humpata. Wakaenda wote kwa Mtume (s.a.w.). Naye hakuwakaripia. Aliwafahamisha kuwa lau wangedumu katika hali ile ya juu wakati wote, malaika wangepeana nao mikono, lakini mambo ni saa kwa saa: saa hii kwa hili, na saa nyingine kwa lile.

Tujiulize: ikiwa mwandishi wa wahyi aliambiwa hivyo, ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumwambia mwalimu wa madrasa kuwa hana haki ya saa yake?

Na kuna kisa cha kamba, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika Sala hujishikilia nayo. Akaamrisha ifunguliwe, na akaelekeza kuwa mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Wafafanuzi wa Hadithi wamemtaja mwenye kamba kuwa ni mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.). Mama huyu huyu alisifika kwa kazi ya mikono. Alitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata alikitoa sadaka. Mchamungu wa kiwango kile hakuona haya kushika sindano.

Kazi ya vidole

Mimi binafsi hali hii naijua. Kuna kipindi nilikuwa na vipindi 32 kwa wiki katika shule niliyokuwa nikifundisha, madrasa siku tano na darsa mbili. Nikafika mahali nasimama mlangoni mwa darasa, andalio la somo liko mkononi, na sikumbuki nimekuja kufundisha nini. Daktari alinipima presha na sukari, akakuta kila kitu sawa. Kisha akaniuliza: mara ya mwisho kufanya jambo ambalo hakuna anayekudai ni lini? Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mtaani kwetu, fundi wa kuandika vibao vya misikiti kwa khati. Akanichongea kalamu ya mwanzi, akaniambia, "Ustadh, hapa wewe ni mwanafunzi. Andika alif." Kwa wiki tatu sikuandika herufi nyingine. Katika fani ya khati, ambayo kanuni zake za vipimo zinanasibishwa na Ibn Muqla aliyefariki mwaka 940, alif hupimwa kwa nukta za kalamu ile ile. Ukiharakisha inapinda. Ukiwaza mambo ya kesho, wino unamwagika. Unalazimika kuwa pale ulipo.

Sikupona kwa siku moja, na wala si khati peke yake iliyonisaidia. Niliiomba kamati ya madrasa siku mbili apewe mwalimu mwingine, wakakubali. Lakini ilikuwa katika ile nusu saa ya alif ambapo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia adhana na nikafurahi kuisikia.

Baadaye nilisoma utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016. Waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, udongo wa kufinyangia na karatasi, wakawaacha watengeneze wanachotaka kwa dakika 45. Kiasi cha robo tatu yao, kotisoli ilishuka, wazoefu na wasio wazoefu. Ni utafiti mdogo, tusiubebeshe mzigo usiouweza. Hata hivyo unaafikiana na kile wanachokijua bibi zetu wanaosuka ukili barazani na vijana wanaoshona kofia kwa uzi na sindano: mikono ikishughulika, moyo unatulia.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Allah (s.w.) anatueleza kuwa Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na akaamrishwa atengeneze deraya na apime sawasawa viungo vyake (34:10-11). Huyo ni Mtume na ni mfalme. Na hapa kwetu pwani, Siyu katika kisiwa cha Pate ilijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono. Wazee wale walijua kuwa uzuri nao ni sehemu ya kumtumikia Mola.

Tufanye nini?

Kwanza, ewe mwalimu mwenzangu, tenga nusu saa mara tatu kwa wiki kwa kazi moja ya mikono iliyo halali: khati, kusuka, kushona, useremala, bustani. Isiwe biashara, na usiipige picha kuwaonesha watu. Ukianza kuihesabia faida, umeshaigeuza kuwa kipindi cha 33. Na wakati wa Sala ukiingia, weka chini.

Pili, kumbuka aliyoyasema Salman (r.a.) kumwambia Abu Dardaa (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akayasadikisha: Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki. Usingizi ni katika haki ya nafsi.

Tatu, hospitali si aibu. Ikiwa usingizi umepotea wiki nyingi, chakula hakipiti, au mtu anawaza kuwa heri afe, hapo kalamu ya mwanzi haitoshi. Apelekwe kwa daktari haraka, na asiachwe peke yake.

Nne, na hili ni kwa kamati za misikiti na wazazi. Haitakuwa uadilifu kumwambia ustadh akasuke mikeka ilhali tumemrundikia kazi za watu wanne na posho yake haifiki kwa wakati. Mpeni siku ya mapumziko inayojulikana. Mtafutieni msaidizi. Mlipeni. Simu ya saa sita usiku ipigwe zamu zamu kwa wazee wengine. Tunachangia mamilioni kujenga minara, na anayeadhini chini yake anaanguka kwa uchovu. Tutaulizwa.

Na kwa yule ndugu yangu aliyeondoka akidhani moyo wake umekufa, namwambia: moyo uliokufa hauogopi unafiki. Hanzala (r.a.) aliogopa kwa sababu alikuwa hai. Pumzika, ushughulishe mkono wako, kisha mlango wa madrasa utaukuta uko wazi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape nguvu walimu wetu, awaponye waliochoka, na atujaalie sisi tulio karibu nao tuwe wepesi wa kuwasaidia kabla ya kuwalaumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.