Urithi wa Watu Wasio na Jina

Aghalabu sisi binadamu tukikuta kazi ya kale huuliza kwanza ilikuwa ya nani. Tukiambiwa ni ya babu zetu, tunailinda. Tukiambiwa ni ya wengine, tunapita. Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: je, tunao wajibu wowote kwa kazi ya watu ambao hakuna ajuaye kwa hakika walikuwa akina nani?

Mfano hauko mbali nasi. Ukitoka Babati ukapita Minjingu na Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha ukaufuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini, utafika Engaruka. Hapo, katika nchi kame, yapo magofu ya vijiji saba, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yakienea kiasi cha kilomita 20 za mraba. Wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kuwa watu waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Walipanda mtama, walifuga ng'ombe, na maji waliyateremsha kwa mifereji kutoka vijito vya mlimani. Kisha wakahama. Wengine husema maji yalipungua, wengine husema vita viliwasukuma. Wenyewe hawakuacha neno lolote lililoandikwa.

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, kila tulipofika kwenye sura hiyo wanachuo waliuliza, "Mwalimu, hao walikuwa kabila gani?" Wapo waliotaka wawe Wairaqw, wapo waliotaka wawe Wasonjo, maana wote hao wana sifa ya kuihangaikia ardhi na maji. Swali hilo si baya. Wakati wa ukoloni walikuwapo waandishi waliodhani kila ukuta wa mawe katika nchi hii ulijengwa na wageni waliotoka mbali, kwa hiyo ilitupasa kujibu kwamba ni kazi ya Waafrika. Wahenga nao walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumegombea jina na kuiacha kazi yenyewe.

Tuitazame kazi hiyo. Tulipofundisha ustaarabu wa kale tulianzia Misri na Babeli, kwa kuwa huko kuna wafalme na maandishi. Hammurabi, mfalme wa Babeli zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, aliweka sheria kwamba mtu akizembea kulitunza tuta lake, likabomoka na maji yakagharikisha mashamba ya wenzake, sharti alipe nafaka waliyoipoteza. Engaruka hakuna jiwe lililochongwa sheria. Hata hivyo maji hayapandi mlima: mwenye shamba la juu daima ana uwezo wa kumnyima wa chini. Ikiwa mashamba ya chini yalilimwa kizazi baada ya kizazi, basi kwa njia fulani wa juu alikubali kungoja zamu na kumpitishia mwenzake. Kwangu mimi huo ndio ustaarabu, uwe na mfalme au usiwe naye.

Mtu anaweza kunipinga akisema, "Wafu hawali. Mwenye shida leo anahitaji jiwe la msingi wa nyumba. Kwa nini asilichukue?" Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu magofu, lakini sheria haiwezi kusimama mlinzi kando ya kila jiwe, na ni vigumu kumtaka maskini alinde kitu ambacho hakijamfaa kwa lolote. Kwa hiyo wajibu huo usiwe wa jirani wa magofu peke yake. Wa kwanza kudaiwa ni sisi tulio na elimu na nafasi, ambao mara nyingi tunajua habari za Babeli kuliko za Engaruka.

Lakini deni lenyewe analipwa nani, iwapo mwenye mali hajulikani? Nadhani analipwa aliye chini yetu, kwa maji na kwa wakati. Hapa Babati tunaishi Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wengine wengi, na ziwa lilipofurika mwaka 1990 maji hayakumuuliza mtu kabila. Akataye miti kilimani leo ni mtu wa juu. Atakayelima bondeni baada yake ni mtu wa chini, na huenda asiwe wa ukoo wake.

Basi mrithi wa Engaruka ni nani? Damu haiwezi kutujibu kwa hakika. Mimi husema ni yeyote ambaye, maji yakimfikia kwanza, humkumbuka aliye chini. Asiyemkumbuka, hata akithibitisha kwa vitabu kuwa babu zake ndio waliopanga mawe yale, bado hajarithi kitu.