Wimbo wa Mnyonge ni wa Nani?

Mwaka 1989, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyejipatia makao na sifa Dar es Salaam, alitoa huko Uingereza, pamoja na bendi yake ya Super Matimila, albamu iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini. Ndani yake umo wimbo "Sauti ya Mnyonge". Swali langu ni hili: albamu ya namna hiyo humfaa nani?

Jibu la haraka ni kwamba humfaa maskini. Lakini maskini wa siku zile hakuwa na fedha ya kununua santuri ya Uingereza. Alimsikia Remmy kwenye redio ya jirani, au akiwa nje ya ukuta wa baa. Mimi nilikuwa na nafasi kidogo. Nilikuwa na redio kaseti na kanda iliyonakiliwa, hapa Lizaboni.

Jioni moja niliketi barazani nikiisikiliza, magitaa yakiitikiana, nami nikitikisa kichwa kwa huruma. Akaja kibarua aliyenifyatulia matofali. Nilikwisha kumwambia "njoo kesho" mara mbili, na fedha ilikuwamo mfukoni. Hakudai kitu. Alisimama uani, akaanza kuchezesha mguu.

"Mwalimu, huyu anatujua," alisema akitabasamu.

Sikujua kama nami nimo katika hao "sisi". Yeye alifurahi kwa kuwa ametajwa. Mimi nilifurahia huruma yangu mwenyewe. Nilikuwa nikimhurumia mnyonge wa kwenye kanda, huku nikimsimamisha yule wa mlangoni.

Wapo wasemao kuwa muziki ni burudani tu, usitwishwe mzigo wa maadili. Siwapingi kabisa, hata kibarua yule alicheza kwanza. Ila naona wimbo kama huu unawafaa watu wawili: mnyonge, ili apate heshima ya kutajwa, na mdeni wake, ili akumbuke kulipa. Aishiaye kwenye huruma bado hajausikia.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilimlipa jioni ile ile, nikamwomba radhi.

Remmy alifariki Desemba 2010, na kanda yangu ilikwisha kuchakaa. Lakini hadi leo, nikitaka kumwambia mtu "njoo kesho", husita.